Uso Nilioukata

Vijana wa ukumbini, mnajua mkataba wangu umekwisha, na umri wangu umekataa kuongezewa mwingine. Kabla sijapanda ndege, msimamizi ameniomba nimwachie atakayenirithi karatasi moja ya maelezo kuhusu projekta: swichi iko wapi, taa hubadilishwa vipi. Karatasi moja ni dharau. Mimi nilimaliza kidato cha nne katika shule ya jioni nikiwa na mke, watoto watatu na ndevu ndefu kuliko za mwalimu mkuu, na nilisoma kwa koroboi mpaka moshi ukanifanya mweusi mara ya pili. Mtu aliyekipata cheti kwa njia hiyo haandiki karatasi moja.

Vyeo sitavisimulia kwa sababu sikupata vingi, na mshahara mnaujua. Nitawasimulia filamu. Sidhani kuna watu duniani waliowahi kutazama filamu za ajabu kama tulizotazama sisi masoja, walinzi wa kampuni, katika ukumbi ule wa kambi, na nyingi nilizionyesha kwa mkono wangu. Kati ya hizo iko moja niliyoiharibu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kushika kalamu.

Siku yangu ya kwanza Doha nilishuka kwenye basi la kampuni kukiwa na joto la kukaanga kivuli. Nilitazama chini kuhakikisha changu bado kipo. Tuliingizwa ukumbini, watu arobaini na mabegi yetu, tukaonyeshwa filamu ya kujikinga na moto. Ilizungumza lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Ndani yake mlikuwa na mwanamume mwenye shati jeupe aliyetoka mbio ndani ya jengo, mikono juu, akirudi, akitoka tena. Sisi tulidhani ndiye mwizi. Alipokamatwa na wazimamoto tulipiga makofi. Mpaka leo, jengo likishika moto, kuna Wakenya arobaini watakaomkamata mtu wa kwanza kutoka.

Aliyekuwa nyuma ya projekta hakucheka. Alikuwa Mzee Mukasa, Mganda wa Masaka, mwembamba, funguo zimefungwa kiunoni kwa uzi wa viatu. Filamu ilipokwisha alizima taa ya mashine lakini hakuchomoa waya. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema mashine imetoka kufanya kazi, iache ipumue, feni ikinyamaza yenyewe ndipo uchomoe. Nilifikiri ni mzaha. Miaka kadhaa baadaye nilichomoa mapema kwa sababu chakula kilikuwa tayari, taa ikapasuka, nikaenda kwa miguu hadi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye duka la fundi mmoja Mhindi wa Kerala, kutafuta nyingine. Niliyavuka majangwa saba. Sawa, nilipanda metro, kisha nikatembea vituo viwili vya basi. Lakini taa ya pili sijapasua.

Mukasa alinichukua kuwa msaidizi wake kwa sababu, alivyosema, soja anayejua kusoma maandishi madogo ni adimu kama mvua ya huku. Zamu yangu ilikuwa langoni kama mtu yeyote, lakini Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulifungua ukumbi. Watu walileta filamu za kwao. Si zile za dukani. Walileta zilizopigwa na ndugu zao kwa simu. Tulitazama msingi wa nyumba ya mtu kule Bungoma kwa dakika hamsini, ukuta na kidole gumba cha mdogo wake. Tulitazama mbuzi wa mahari wakipitishwa langoni, ukumbi mzima ukabishana kama yule mwenye doa amepita mara mbili. Tulitazama ng'ombe akizaa kwa saa tatu, na ndama aliposimama, wanaume wazima wenye virungu walikumbatiana.

Na mimi, kati ya filamu na filamu, nilikuwa nikipiga hadithi. Nilirudi siku moja kutoka lindo la jengo la maduka nikawaambia nimemwona ngamia akipanda ngazi za umeme, ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, na kule juu akashuka kwa adabu kuliko watu. Waliniita Profesa kwa sababu ya cheti. Baada ya hapo wakaniita Profesa Ngamia. Mlinikuta na jina hilo na hamkuniuliza, sasa mnajua.

Filamu za mazishi zilianza na mtu mmoja aliyefiwa na baba. Ruhusa ya kusafiri ilichelewa kwa sababu hapakuwa na wa kumshikia lindo, na nyumbani hawangeweza kungoja. Wakampigia filamu. Mukasa alimkuta kitandani, kitanda cha juu, shuka kichwani, simu inamulika ndani ya shuka kama mtu aliyemeza kurunzi. Alikuwa anamzika baba yake peke yake akiwa amelala. Mukasa alimshusha, akachukua simu, akafungua ukumbi.

Tangu siku ile pakawa na utaratibu wetu, na huu ndio hasa ninaokabidhi. Kofia zinavuliwa. Mfiwa anakaa kiti cha mbele, na waliotoka pande za kwao wanakaa mbele pamoja naye, mmoja akishika nafasi ya mjomba, mwingine ya shemeji, hata kama walijuana juzi. Wenzetu Waislamu, ambao hawapigi picha za maiti, hukaa nyuma, macho chini, na ndio huandaa chai. Jeneza likishuka tunasimama. Na mbele, chini ya ukuta, huwekwa karai la bluu, na kando yake mfuko wa mchanga. Wa kwenye filamu wakianza kutupia udongo, mfiwa naye huchota mchanga akautupa karaini, kisha sisi tunafuata. Mchanga tuliutoa Lusail, nyuma ya jengo moja refu tulilolinda, na baada ya mazishi Mukasa aliurudisha palepale. Hakukubali utupwe kwenye pipa. Wale wahandisi wa Lusail hawajui, lakini mimi nawaambia tulizika nusu ya Afrika Mashariki katika ardhi yao na hatukuwapunguzia hata punje.

Jambo jingine alilonifundisha Mukasa ni kuonja. Kila filamu ya mazishi aliitazama yeye kwanza, peke yake, sauti chini. Alisema unaonja ili ujue dakika gani uhamie kiti cha pembeni ya mfiwa na umshike mkono. Aliniambia hivyo mara nyingi. Mimi nilishika neno kuonja, nikaacha la mkono.

Mukasa alipomaliza mkataba wake, ukumbi ukawa wangu. Nilikuwa na simu mpya na nilikuwa nimejifunza kukata filamu ndani ya simu, kuunganisha vipande, kuweka majina mwanzoni kwa herufi za dhahabu. Nilijiona bingwa. Nilianza kukata vitu vidogo: mtu anayepita mbele ya kamera, hotuba ya mwanasiasa, ugomvi wa shamba kando ya kaburi. Wafiwa walinishukuru. Ndipo ikaja ya Barasa.

Barasa alikuwa wa upande wa Kimilili, mrefu, mtu wa maneno machache, soja wa kizuizi cha magari palepale Lusail. Mama yake alikufa ghafla. Kwao yeye ndiye kifungua mimba, na ruhusa yake ilichelewa vilevile, mtu wa kumshikia lindo akapatikana siku moja baada ya kaburi kufukiwa. Binamu yake alimtumia vipande kumi na kimoja. Barasa hakufungua hata kimoja. Alinipa simu yake mkononi akaniambia, "Prof, nipangie. Nitaona nikiwa na watu."

Nilikaa ukumbini nikaonja. Kipande cha nne kilikuwa cha kuaga maiti. Jeneza liko kwenye meza uani, kifuniko kimefunguliwa, na binamu akapeleka simu juu ya uso wa yule mama akaiacha hapo. Dakika nne. Na nikisema nne leo, ni nne. Sitawaandikia hapa nilichoona, mtakisikia mbele. Niliwaza: mtoto gani atazamishwe mama yake hivi, juu ya ukuta, uso ukubwa wa mlango? Nikakata. Nikaunganisha cha tatu na cha tano vizuri hata mshono hauonekani. Simu ikaniambia imejaa, haiwezi kuhifadhi. Nikafuta vipande vya awali, vyote, kwangu, na kwake pia asije akakiona cha nne, nikahifadhi kazi yangu. Niliona nimetenda wema.

Ijumaa ile ukumbi ulijaa. Barasa alikaa mbele, mgongo wima. Waliimba kwenye filamu, na sisi tukaimba nao. Jeneza likatoka nyumbani limefungwa, likapita kwenye migomba, likashushwa, tukasimama. Udongo ukaanza kutupwa. Mimi niko nyuma ya mashine. Barasa hakuinama kuchukua mchanga. Yule aliyekaa kama mjomba akamgusa bega. Barasa akageuka, akatutazama wote, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza iwapo basi limepita:

"Mama yuko wapi?"

Mjomba akamwonyesha ukutani. Barasa akasema, "Hilo ni sanduku." Akachukua kofia yake, akatoka.

Kwao, na kwa wengi wetu, mtu hujua amefiwa akishaona uso. Ndiyo maana watu husafiri usiku kucha wafike kabla kifuniko hakijafungwa. Hilo nililijua tangu utotoni. Shule ya jioni haikunisaidia kulikumbuka.

Baada ya hapo alikataa pole. Ukimwambia pole anakuuliza ya nini. Kila alipotoka zamu alipiga simu ya mama yake. Mwanzoni dada yake aliipokea, akalia, akamweleza tena na tena jinsi mama alivyolala vizuri ndani ya jeneza kama mtu aliyesinzia. Kisha dada akachoka akaizima. Barasa akatuambia mama amezima simu, betri yake ni mbovu tangu zamani. Chini ya kitanda chake lilikuwepo sanduku la safari, na alizidi kulijaza: soksi nzito, dawa ya kuchua miguu, sweta ya rangi ya maziwa. Za mama.

Halafu akaacha kula. Kwenye kizuizi alisimama juani wakati kibanda chenye kiyoyozi kiko hatua mbili nyuma yake. Akaanguka. Wakampeleka kliniki, wakamtia maji kwa mshipa, akarudi kazini akasimama palepale. Msimamizi akaniambia akianguka tena, khalas, atafungiwa mkataba na kurudishwa nyumbani. Nilimwona kwa akili yangu akiingia uani kwao na lile sanduku, akibisha hodi, akimwita mama yake mbele ya dada zake. Nilijua kama hatauamini msiba ule kabla ya siku hiyo, hatutampata tena. Na nilijua ni nani aliyemnyima.

Sikumwambia mtu. Kwanza nilimtafuta binamu yake, nikamwomba kipande cha nne. Binamu alikuwa mpiga picha wa kukodiwa, na aliniambia bila wasiwasi kwamba kadi ya simu ile imeshafutwa na kupigiwa harusi mbili. Aliniuliza kama nataka harusi.

Ndipo nikampigia Mukasa, Masaka. Nilimweleza yote, na mara hii sikuweka chumvi. Akasema kwa adabu ya Kiganda, "Ssebo, umemwibia maiti yake."

Nikamwambia najua.

"Mrudishie."

Nikamwambia nitamrudishiaje, imefutika, kwangu, kwake, kwa binamu.

"Wewe uliiona?"

"Niliiona yote."

"Basi haijafutika. Lakini wewe nakujua. Usiiongeze hata unywele."

Ijumaa iliyofuata nilifunga mlango wa ukumbi, nikaweka viti viwili tu mbele, karai chini ya ukuta, mfuko wa mchanga kando. Nikawasha projekta bila filamu, ukuta ukawa mweupe mtupu. Sijui kwa nini niliiwasha. Labda niliogopa kuwa naye bila mashine. Nikamwita Barasa, nikamwambia nilikata uso wa mama yake na nikaufuta, na nimekuja kumsimulia kipande hicho kama kilivyokuwa.

Nilitegemea anipige. Mtu mrefu vile angenipiga mara moja tu, mngenichota kwa kijiko. Lakini akasema, "Wewe. Wewe wa ngamia."

"Ngamia hakupanda ngazi," nikamwambia. "Ilikuwa picha kwenye tangazo la biskuti. Nje ya jengo."

"Nilijua."

"Najua ulijua."

Akakaa. Nami nikakaa kiti cha pembeni yake, nikaanza.

Nilimwambia meza ilikuwa uani, chini ya mabati ya jikoni. Mwanamume mwenye kaunda suti alifungua kifuniko, kikakwama, akakipiga kwa kiganja. Kulikuwa na kitambaa cha neti, kikatolewa. Mama alivalishwa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Alifungwa kitambaa cheupe kutoka kidevuni kwenda utosini kushikilia taya, lakini taya haikushika vizuri. Puani palikuwa na pamba, na ya tundu moja ilikuwa imechomoza. Uso ulikuwa mweusi kuliko ule wa picha iliyobandikwa kwenye jeneza, na umeshuka, kama ngozi imekuwa kubwa kuliko mtu. Nzi alitua kwenye paji la uso. Mwanamke mmoja alimfukuza kwa daftari la shule, nzi akarudi, akamfukuza tena. Kidole cha binamu yake kilifunika pembe ya picha. Hakuna aliyeimba wakati ule. Kuna mtu alikuwa anakohoa.

Nilipofika hapo nilisikia ulimi wangu unataka kuongeza. Nawaambia ukweli, ulitaka kuweka wingu, au njiwa, au harufu ya maua. Niliuuma.

Barasa alikuwa anatazama ukuta mweupe. Akaniuliza, "Alikuwa kama amelala?"

Lilikuwa swali la mtu anayefunga mlango. Ningejibu ndiyo, angeondoka zake.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa amekufa, Barasa."

Feni ya mashine ilikuwa inavuma.

"Mdomo?"

"Ulikuwa wazi upande mmoja. Kulia, kwa mimi niliyekuwa natazama."

"Basi ni kushoto kwake." Akagusa shavu lake mwenyewe. "Hapo hana meno. Aling'olewa mawili nikiwa darasa la sita. Hata akinyamaza palikuwa hapafungi." Akakaa na mkono hapo shavuni. "Wote wameniambia alikuwa kama amelala. Dada, binamu, pasta. Wewe ungetaka kunidanganya ungesema alikuwa anatabasamu."

"Ningesema."

"Ungesema malaika walikuwa wanamshika kichwa."

"Saba," nikamwambia. "Ningesema saba."

Nilidhani atacheka, na sauti iliyomtoka ilianza kama kicheko. Haikuwa. Nimesikia wanaume wengi wakilia katika ukumbi ule, na huwa naeleza kwamba kuta zilipasuka, kwamba walisikika hadi bandarini. Barasa alilia kwa sauti ndogo, na kwa muda mrefu, akiwa ameshika magoti yake. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimeketi mahali palipotakiwa, nimechelewa miezi miwili.

Baadaye aliinuka mwenyewe akachota mchanga. Alitupa mara tatu, taratibu. Nami nikatupa. Akasema, "Zima." Nikazima taa, tukaisikiliza feni hadi iliponyamaza, nikachomoa waya. Akaenda kula wali na maharagwe ya jikoni, ambayo mnajua hayaliwi na mtu asiye na njaa ya kweli.

Sasa maelezo niliyoombwa. Projekta iko kabatini, ufunguo wake ni ule wenye uzi wa kiatu. Lenzi isafishwe kwa kitambaa cha miwani, si kwa mate. Taa ya akiba moja ipo. Karai liko chini ya meza, msilifulie soksi. Filamu ya mazishi onja kwanza, mpaka mwisho, na usikate kitu. Mchanga urudi ulikotoka.

Ule wa mama yake Barasa niliupeleka Lusail asubuhi iliyofuata, karai kichwani kama muuza samaki, watu wa metro wakinipisha. Nilizunguka nyuma ya jengo, kwenye mitende iliyopandwa kwa mstari. Barasa alikuwa zamu kwenye kizuizi, safari hii akiwa ndani ya kibanda, chupa ya maji mbele yake. Aliponiona nainamisha karai alitoka nje akavua kofia. Gari moja kubwa jeupe likafika mbele ya kizuizi likapiga honi. Likapiga tena, kwa muda mrefu. Barasa hakugeuka. Alisimama kofia ikiwa kifuani mpaka nilipokung'uta punje ya mwisho, kisha akaivaa, akaenda kulifungulia.